Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Wauguzi Waliovuka Mipaka





Hapa Bujumbura familia nyingi zina mtu aliye ng'ambo. Mmoja yuko Ubelgiji, mwingine Kanada, mwingine Omani, na wengine wako karibu tu, Kigali au Dar es Salaam. Miongoni mwao wamo wauguzi, na vijana wanaosomea uuguzi sasa hivi nao wanaulizana kama watabaki au wataondoka. Upande wa pili, hospitali zetu wenyewe zimepokea wageni kwa miaka mingi: masista wa kimisionari zamani, madaktari na wauguzi kutoka Kongo, na timu za matabibu wa China ambazo zimekuwa zikija Burundi tangu mwaka 1986.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muuguzi methali hii ina maana mbili, kwani yeye ni mgeni anayekuja hasa ili mwenyeji apone. Lakini ni nani anayemuangalia yeye? Katika makala hii tutapitia historia kidogo, tuone ni mambo gani yaliyomfanya muuguzi mgeni atulie na afanye kazi vizuri, na ni yapi yaliyomvunja moyo. Tutaona kuwa mambo matatu yanajirudia kila mahali: lugha, cheti kinachotambuliwa, na mwenyeji wa kumfungulia mlango. Mshahara una umuhimu wake, lakini peke yake haujamtuliza mgeni.

HEMA LA RUFAIDA NA SOKO LA MADINA

Tuanze na mji wa Madina. Waandishi wa sira wanamtaja Bi. Rufaida (r.a.), mwanamke wa kabila la Aslam, aliyekuwa akiwatibu majeruhi katika hema ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Sa'd bin Mu'adh (r.a.) alipigwa mshale ukamkata mshipa wa mkono. Mtume (s.a.w.) aliamuru alazwe kwenye hema hilo msikitini, ili iwe rahisi kumtembelea. Bi. Ummu Atiyya (r.a.) naye alitoka katika safari saba za kivita, akiwapikia wapiganaji, akiwauguza wagonjwa na kuwafunga vidonda majeruhi. Kwa hiyo kazi ya uuguzi si jambo geni kwetu, na binti wa Kiislamu anayevaa koti jeupe la hospitali anafuata njia ambayo wanawake wema walikwishaipita.

Mji huo huo unatufundisha pia jinsi ya kumpokea mgeni. Muhajirina walifika kutoka Makka wakiwa wameacha mali na nyumba zao, na Mtume (s.a.w.) akawaunganisha na Ansari wa Madina, kila mtu na ndugu yake. Abdurrahman bin Awf (r.a.) aliunganishwa na Sa'd bin Rabi' (r.a.), aliyekuwa tajiri, na Sa'd akajitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaikataa mali, kisha akauliza soko liko wapi. Akaoneshwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza kuuza jibini na samli, na haukupita muda mrefu akawa anajitegemea.

Tuzingatie kisa hiki. Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara tangu Makka. Ujuzi alikuwa nao. Alichokosa ni kuijua njia ya kufika mahali ambapo ujuzi wake ungefaa. Sa'd alikuwa tayari kutoa mali nyingi sana, lakini msaada uliomsimamisha mgeni wake ulikuwa kumuonesha njia. Muuguzi anayeshuka leo kwenye uwanja wa ndege wa mji asioujua yuko katika hali hiyo hiyo.

USUMBURA, MJI WA WAGENI

Mji wetu wenyewe ulijengwa na wageni. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1916 Wabelgiji wakakichukua. Waafrika waliokaa mjini zama hizo walitoka sana Kongo na Tanganyika: Wamanyema, watu wa Ujiji, na wafanyabiashara wa pwani ya ziwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya mtaa, na Uislamu ulikuwa dini ya wengi wao. Baadaye Wabelgiji walipanga mtaa wa Buyenzi, wenye barabara zilizonyooka na zilizopewa namba, na jirani yake mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Mpaka leo ukiingia Buyenzi unasikia Kiswahili.

Karibu na mitaa hiyo ikasimama hospitali ya Prince Régent Charles, iliyopewa jina la Charles, aliyeshika madaraka ya ufalme wa Ubelgiji kuanzia 1944 hadi 1950. Madaktari na masista kutoka Ulaya waliofanya kazi katika hospitali za wakati ule walikuwa wageni walioajiriwa kutoka mbali, na serikali ya kikoloni au misheni iliwapangia makazi na maisha yao. Mji uligawanywa kwa rangi: Wazungu na mitaa yao, Waasia na mtaa wao, Waafrika na mitaa yao. Muuguzi wa Kizungu alipata nyumba, lakini jioni aliondoka akarudi upande wake wa mji. Na kazini alihitaji mtu wa kumfasiria, maana mgonjwa wa Buyenzi alizungumza Kiswahili na mgonjwa aliyeteremka kutoka milimani alizungumza Kirundi. Wauguzi na wahudumu Waafrika walibeba kazi hii ya ulimi juu ya kazi yao ya mikono.

Vijana wa Burundi nao walikuwa wakisafiri kwenda kutafuta elimu. Shule ya Groupe Scolaire ya Astrida, yaani Butare ya Rwanda, ilianzishwa na mabruda wa Kikatoliki mwaka 1929, nayo ilifundisha wasaidizi wa daktari kwa ajili ya Ruanda na Urundi. Waliohitimu walifanya kazi kubwa, lakini cheti chao kilikuwa na ukomo. Hata ujuzi wako uwe mwingi namna gani, cheti cha msaidizi kilikuacha msaidizi.

CHETI KINACHOPANDISHA NA CHETI KINACHOFUNGA

Suala la cheti tunaliona wazi tukilinganisha nchi mbili, Kongo na Uingereza, katika miaka iliyokaribiana.

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, haikuwa na daktari mzalendo hata mmoja aliyehitimu. Ilikuwa na wasaidizi wa daktari wenye uzoefu wa miaka mingi. Madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka ghafla. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilileta madaktari kutoka nchi nyingine, na wakati huo huo likagharamia makumi ya wale wasaidizi kwenda Ufaransa kukamilisha masomo ya udaktari. Hawakuambiwa waanze upya kama watoto wa shule. Uzoefu wao ulihesabiwa, wakasoma kwa miaka michache tu, wakarudi nyumbani wakiwa madaktari kamili. Nao walioletwa kushika nafasi hizo, wakiwemo watu kutoka Haiti, walikuwa na faida moja: walikijua Kifaransa, lugha ya kazi katika hospitali za Kongo.

Sasa tutazame Uingereza. Huduma ya Taifa ya Afya ya nchi hiyo, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, ikiwa na upungufu mkubwa wa wauguzi. Wasichana waliitwa kutoka makoloni, wengi wao kutoka visiwa vya Karibiani, na wengine kutoka Afrika na Asia. Kulikuwa na ngazi mbili za mafunzo: ya juu ya miaka 3, na ya chini ya miaka 2. Wasichana wengi kutoka makoloni waliingizwa katika ngazi ya chini, na wapo ambao hawakuelezwa tofauti yake. Cheti cha ngazi hiyo hakikuwapandisha vyeo Uingereza, na katika nchi nyingi walikotoka hakikutambuliwa kabisa. Msichana aliyeondoka kwao akitarajia kurudi na ujuzi wa kulijenga taifa, alijikuta ana karatasi isiyomsaidia huku wala kule. Juu ya hayo kulikuwa na baridi, chakula kigeni, zamu za usiku mfululizo, na wagonjwa waliokataa kuguswa na mkono mweusi.

Methali yetu nyingine yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wasichana wale walipewa jembe siku ya kwanza, hata shamba hawajaoneshwa mipaka yake. Na bado waliisimamisha huduma ile kwa mikono yao. Wengi walisaidiana wenyewe kwa wenyewe: aliyetangulia alimpokea aliyefuata, alimuonesha duka la vyakula vya kwao, alimpeleka kwenye nyumba ya ibada, alimueleza msimamizi gani wa wodi ana huruma na yupi wa kujihadhari naye. Yale ambayo mwajiri hakuyafanya, mgeni wa jana aliyafanya.

Nasi Warundi tunalijua jambo hili. Katika maafa ya mwaka 1972, na tena katika vita vilivyoanza 1993, watu wengi waliosoma, wauguzi wakiwemo, waliuawa au walikimbilia nje. Katika kambi za magharibi mwa Tanzania, mkimbizi mwenye ujuzi wa uuguzi aliweza kufanya kazi katika zahanati ya kambi, lakini kwa kawaida alipata posho ndogo badala ya mshahara wa muuguzi. Mikono yake ilitibu watu, ila jina lake halikuwemo katika daftari la wauguzi wa nchi ile.

OMANI NA SUALA LA LUGHA

Kisa cha Omani kinatuhusu kwa karibu. Sultan Qaboos alipochukua utawala tarehe 23 Julai 1970, nchi ile ilikuwa na hospitali mbili tu. Aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa nje. Wengi walitoka Zanzibar, walikoondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Wengine walitoka Burundi, Rwanda na Kongo, ambako babu zao walikuwa wafanyabiashara. Kule Muscat wote hawa waliitwa Wazanzibari, hata yule ambaye hakuwahi kukanyaga Unguja na aliyezaliwa kandokando ya Tanganyika.

Waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu ya Kiingereza, na Omani mpya ilihitaji watu wa Kiingereza katika ofisi, katika mafuta na katika hospitali. Waliotoka Burundi na Kongo walikuwa na Kiswahili na Kifaransa. Kiarabu cha wengi wao kilikuwa hafifu, na Kifaransa hakikuwa na soko pale. Asili ilikuwa moja, na pengine hata ukoo ulikuwa mmoja, lakini lugha iliwatenganisha: huyu akapata kazi upesi, yule akasubiri.

Omani iliajiri pia wauguzi wengi kutoka India, Ufilipino na kwingineko, na wakati huo huo ikajenga vyuo vya kuwafundisha vijana wake. Mwaka 2000, WHO ilipopanga mifumo ya afya ya nchi 191, Omani ilishika nafasi ya 8. Kutoka hospitali mbili mpaka hapo ni miaka 30 tu. Hayakufanywa na wenyeji peke yao wala wageni peke yao.

HALI YA ZAMA ZETU

Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa akina mama wanaojifungua. Ilikuwa rehema kubwa kwa maskini, na foleni katika hospitali zikarefuka. Muuguzi aliyekuwa anahudumia wagonjwa wengi akajikuta na wengi zaidi. Tarehe 1 Julai 2007 Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2010 soko la pamoja likaanza, likifungua mlango wa watu kufanya kazi katika nchi jirani.

Mwaka huo huo wa 2010, mwezi Mei, nchi wanachama wa WHO zilikubaliana juu ya kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje. Kanuni hizo zinataka muuguzi mgeni apate haki sawa na mwenyeji, aelezwe ukweli kabla hajaondoka, na apewe mafunzo ya kuzoea kazi mpya. Pia zinazitaka nchi tajiri zisiende kuchota wauguzi kutoka nchi zenye upungufu. Orodha ya nchi za kulindwa iliyotolewa mwaka 2023 ina nchi 55, na Burundi imo, pamoja na Rwanda, Tanzania, Uganda na Kongo. Kanuni hizi hazimkatazi mtu binafsi kusafiri kutafuta riziki. Zinazitaka serikali na mawakala wasizifanye nchi maskini kuwa shamba lao la kuvuna.

Mifano ya karibuni inarudia mambo yale yale. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano juu ya wauguzi mwaka 2021. Novemba mwaka ule, waziri wa afya wa Kenya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema kuwa kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10 tu. Hawa walisoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi! Je, kijana wetu aliyesoma kwa Kifaransa? Jimbo la Quebec nchini Kanada, ambako Kifaransa ndiyo lugha ya kazi, lilitangaza mwaka 2022 mpango wa kuajiri wauguzi 1,000 kutoka nje. Hata huko, pamoja na lugha kuwa moja, muuguzi aliyekwisha hitimu kwao alitakiwa kurudi darasani kwa miezi kadhaa kabla ya kupewa kibali cha kufanya kazi kama muuguzi.

Hapa ndipo penye uzito. Kijana akiondoka, wodi ya Bujumbura inabaki na mtu mmoja pungufu, na mama anayejifungua usiku ndiye anayelipa. Akibaki, familia yake huenda isipate ada ya shule. Hatuwezi kumlaumu mzazi anayemtuma mwanawe, wala hatuwezi kujifanya kuwa kuondoka kwake hakumuumizi mtu. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba anayeondoka haondoki kwa hasara mbili, nchi ikampoteza na yeye mwenyewe akapotea.

FAMILIA IFANYE NINI?

Kutokana na historia hii, tunapendekeza mambo haya:

1. Kabla ya safari, ulizeni kwa maandishi: atasajiliwa kama nani? Muuguzi kamili au msaidizi? Na je, cheti atakachopata huko kitatambuliwa akirudi Burundi? Kumbukeni wasichana wa mwaka 1948.

2. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa msafiri, na nakala ibaki nyumbani. Wakala akidai pesa nyingi kwa muuguzi ili ampe kazi, shitukeni. Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 181 wa mwaka 1997 unataka mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada ya kupatiwa kazi.

3. Lugha ianze nyumbani, tena mapema. Mwanafunzi wa uuguzi asome Kiingereza au Kiarabu angali chuoni, asingoje viza.

4. Miezi ya mwanzo msimbane na maombi ya pesa. Analipa kodi ya nyumba, nauli, nguo za baridi na pengine mtihani. Mpigieni simu kumuuliza amelala vipi na amekula nini. Muuguzi wa zamu ya usiku aliye peke yake anaweza kupita wiki nzima bila kusikia sauti ya mtu anayempenda.

5. Jamaa zetu walio ng'ambo wawe Ansari. Mmoja ampokee uwanjani, mwingine amuoneshe msikiti, duka la nyama ya halali na kituo cha basi la alfajiri. Wamsaidie kuzungumza mapema na msimamizi wake kuhusu swala, na kuhusu zamu za Ramadhani, kabla mwezi haujaandama.

6. Na sisi tuliobaki tusiwasahau wageni waliopo kwetu. Katika hospitali zetu, ikiwemo ile ya Kamenge yenye jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia, wamefanya kazi watu waliozaliwa mbali. Kirundi humwita muuguzi umuforoma. Mfundisheni umuforoma mgeni maneno ya kumfariji mgonjwa: aseme amahoro anapoingia wodini, na aelewe mgonjwa anaposema ndarwaye. Mkaribisheni chakula siku ya Idi, hata kama si wa dini yetu. Mtaa wa Buyenzi ulianzishwa na watu waliokuja bila kumjua mtu, kwa hiyo ukarimu huu ni urithi wetu.

Vijana wanaosomea uuguzi, kazi yenu ni ya heshima, mkiifanya hapa au mkiifanya mbali. Anayebaki asidharauliwe kuwa amekosa bahati, kwani ndiye anayeshika mlango wa hospitali yetu. Anayeondoka aondoke akijua haki zake, na asikate kamba, maana siku akirudi na ujuzi wake, yeye naye atahitaji mwenyeji wa kumuonesha njia.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi wauguzi wetu wote, walio karibu na walio mbali, awape wenyeji wema, na atujaalie sisi kuwa wenyeji wema kwa wengine. Amin.

Wabillaahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.